Siti binti Saad na Hadhira Yake: Adabu na Kelele katika Utendaji wa Taarabu ya Unguja

Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kueleza kwamba tungo simulizi haiwi na uhai kamili mpaka fanani na hadhira wakutane mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Kauli hiyo hurudiwa katika kila kitabu cha nadharia, lakini inapofika zamu ya kuandika maisha ya fanani mashuhuri, hadhira huachwa nje ya mlango. Huelezwa kuzaliwa kwa fanani, mafunzo yake, tungo zake na kifo chake. Watu waliokaa mbele yake, namna walivyokaa, walinyamaza lini na walipaza sauti lini, hutajwa kwa sentensi moja au hawatajwi kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kiasi kikubwa katika kumwandika Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Wasifu wake maarufu uliandikwa na Shaaban Robert na ukachapishwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hiyo ni kazi ya maadili. Inamwonyesha mwanamke aliyeushinda umaskini na dharau kwa bidii, subira na tabia njema, na kwa shabaha hiyo ni kazi iliyofaulu sana. Msomaji, hata hivyo, anaweza kuifunga akiwa amemjua Siti bila ya kuwasikia watu wake. Utafiti wa baadaye, hasa wa mwanahistoria Laura Fair, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwahoji wazee wa Unguja waliozikumbuka enzi hizo, umefungua upande huo wa pili. Maisha ya Siti yakitazamwa kutoka walikokaa wasikilizaji wake, yanageuka kuwa pia historia ya adabu za barazani: nani anaruhusiwa kupaza sauti mbele ya muziki, na nani anatakiwa kunyamaza.

Suala hilo si dogo kama linavyoweza kuonekana. Katika Unguja ya wakati ule watu walipangwa kwa nasaba, kwa rangi, kwa mavazi na kwa upande wa mji walikoishi. Kunyamaza mbele ya watu kulikuwa ni alama ya uungwana kwa baadhi, na kwa wengine kulikuwa ni amri.

Kutoka Fumba hadi mjini

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880, wakati wa utawala wa Sultani Barghash bin Said. Wazazi wake walikuwa na asili ya utumwa. Baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897, na mtoto huyo alipewa jina la Mtumwa. Jina hilo halihitaji ufafanuzi. Hakupata elimu ya shule. Alichokipata ni kazi ya ufinyanzi aliyojifunza kwa mama yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa hadhira yake ya kwanza.

Vyungu hufinyangwa shamba na huuzwa mjini. Mwenye kuuza hana budi kusikika. Inasimuliwa kwamba Mtumwa binti Saad alipokuwa akipita na vyungu vyake aliimba, na kwamba sauti yake ilitambulika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Jambo hili limesimuliwa mara nyingi kama dalili ya kipaji, na bila shaka ni hivyo. Lakini linafaa kutazamwa pia kama shule. Msikilizaji wa njiani hana adabu yoyote inayomfunga. Hakualikwa, hana kiti, ana shughuli zake. Anaweza kuzungumza, kucheka, kubishana bei, au kwenda zake katikati ya ubeti. Mwimbaji anayeifahamu hadhira ya namna hiyo hujifunza kuishika kwa sauti na kwa maneno, kwa kuwa hana jingine la kuishikia. Waimbaji wa makasri hawakupata mafunzo hayo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Ni mwaka uleule alioanza kutawala Sultani Khalifa bin Harub, ambaye baadaye angemsikiliza katika kasri lake. Mpigaji mmoja wa taarabu aliisikia sauti yake, akavutiwa na hima yake ya kutaka kujifunza, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Kwa njia hiyo alikutanishwa na wapigaji waliokuja kuwa kikundi chake: Subeit Ambar, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku, aliyekuwa kipofu. Jina la Mtumwa likaachwa. Aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na hapana shaka kwamba waliomwita hivyo walijua vyema walikuwa wakilifuta jina lipi.

Ukimya wa baraza za wakubwa

Ili kuielewa hadhira aliyoikuta Siti mjini, haina budi kurudi nyuma kidogo. Taarabu ya Unguja ililetwa kwanza kama burudani ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliwaleta wapigaji wa Kimisri na kumpeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo kujifunza kupiga ganuni. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki huo wa hapo mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, na kutoka kasrini taarabu ikaingia katika nyumba za waungwana. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Waliokaa kusikiliza walikuwa wanaume waliovaa vizuri, wamepangwa kwa daraja zao, na uzuri wa shughuli ulipimwa, pamoja na mengine, kwa utulivu wake.

Hapa kuna jambo la kustaajabisa kidogo. Neno lenyewe la Kiarabu ambalo ndilo asili ya taarabu lina maana ya msisimko unaompata mtu kwa kusikia muziki. Katika Misri, ambako mtindo huo ulichukuliwa, msikilizaji hodari hakuwa yule anayekaa kama jiwe. Alikuwa ni yule anayeguna, anayetaja jina la Mwenyezi Mungu, anayemtaka mwimbaji arudie kifungu, na anayefanya yote hayo katika kituo cha muziki, si katikati ya sauti. Wamisri walikuwa na jina maalumu la wasikilizaji wa namna hiyo, na waimbaji wao waliwahitaji. Inaelekea kwamba Unguja ilipopokea ala na nyimbo, baraza za wakubwa zilichukua pamoja nazo sehemu tu ya adabu ya kusikiliza: ile iliyolingana na heshima ya kasri. Wengi wa waliokaa hapo, isitoshe, hawakukijua Kiarabu kiasi cha kuguna mahali panapostahili. Ni vigumu kusisimka kwa wakati wake kwa maneno usiyoyaelewa, na kunyamaza ni salama zaidi.

Wala haifai kudhani kwamba ukimya ndio hali ya asili ya watu waliostaarabika mbele ya muziki. Katika majumba ya opera ya Paris ya karne ya 18 wakubwa walizungumza, walitembeleana na kutazamana wakati waimbaji wakiendelea na kazi yao. Mazoea ya kukaa kimya hadi mwisho yalijengeka baadaye, polepole, katika karne ya 19. Kila mahali ukimya wa hadhira una historia yake na una sababu zake.

Siti aliingia katika baraza hizo akiwa mwanamke, katika fani ambayo wanawake hawakuwa na desturi ya kuiimba hadharani, na akiwa binti wa waliokuwa watumwa wa watu wa tabaka lilelile lililomwalika. Aliimba kwa Kiarabu kama ilivyotakiwa. Aliimba akiwa amejisitiri uso. Waandishi wametofautiana katika kuufasiri usitiri huo: wapo walioona ni stara ya dini, wapo waliosema alificha sura ambayo watu waliiona si nzuri, na wapo walioona ni mavazi ya mabibi wa kasri, ambayo mtoto wa mtumwa asingeruhusiwa kuyavaa miaka michache iliyotangulia. Hizo tatu si lazima zipingane. Kwa upande wa hadhira matokeo yalikuwa mamoja: waliokaa mbele yake walilazimika kusikiliza, kwa kuwa cha kutazama hakikuwepo. Alialikwa katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi na katika kasri la Sultani, na huko alitunzwa kwa heshima. Kwa mtu aliyetoka Fumba, ukimya ule wa wakubwa ulikuwa wenyewe ni ushindi. Watu ambao wazee wao waliweza kuwaamuru wazazi wake, sasa walinyamaza yeye alipofungua kinywa.

Kelele za dharau

Si kila mtu alinyamaza. Umaarufu wake ulipokuwa ukikua, ulitungwa wimbo wa kumkejeli ambao ulienea mjini. Wimbo huo ulimkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, vazi la watumwa na mafukara. Uliuliza tangu lini amekuwa mtu. Na ulimaliza kwa kudai kwamba pasingekuwa na sauti asingekuwa na cha kula. Kwa lugha ya leo ungeitwa mpasho. Katika mpangilio wa adabu za wakati ule, wimbo huo ulikuwa ni jaribio la kumrudisha mahali pake: mtu wa nasaba haulizwi amekuwa mtu lini.

Jibu la Siti limehifadhiwa katika kumbukumbu za watu kwa sababu lilikuwa na busara ya kipekee. Hakukana kaniki, wala hakudai nasaba asiyokuwa nayo, wala hakujisifu kwa sura. Aliimba kwamba uzuri wa sura na ubora wa ukoo si kitu mbele ya akili. Inafaa kuangaliwa pia mahali alipojibia. Hakwenda kushitaki, hakutuma wazee kusuluhisha. Alijibu barazani, kwa wimbo, mbele ya hadhira, akawaachia wao wahukumu. Kelele ya dharau aliipokea kama ubeti unaosubiri ubeti mwingine, jambo ambalo kila aliyelelewa katika malumbano ya washairi wa pwani angelitambua. Kwa kufanya hivyo aliikubali kanuni ambayo baraza za wakubwa hazikuwa nayo, kwamba hadhira ni mwamuzi.

Nyumbani Ng'ambo

Sehemu muhimu zaidi ya maisha ya Siti haikuwa kasrini. Ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga mji wa mawe na mitaa ya watu wa kawaida. Huko aliishi, na huko nyumbani kwake kikundi kilikutana usiku kufanya mazoezi na kuimba. Waliokusanyika hawakuwa waalikwa. Walikuwa majirani, wachukuzi, mafundi, wauzaji wa sokoni, wanawake waliomaliza kazi za nyumbani, na watoto waliotakiwa wawe wamelala. Wengine walikaa ndani, na wengine walikaa nje kwenye baraza na barabarani.

Wakazi wa Ng'ambo, au wazazi wao, walitoka pande nyingi za bara. Njia kubwa ya misafara ya karne ya 19 ilianza Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora hadi Bagamoyo, na wengi walioletwa Unguja kwa njia hiyo walikuwa Wamanyema, Wanyamwezi na watu wa makabila ya jirani. Baba yake Siti mwenyewe alikuwa wa huko. Watu hawa walikulia katika adabu ya ngoma, ambayo ni tofauti kabisa na adabu ya viti. Katika ngoma, mstari kati ya anayetenda na anayetazama huvukwa kila wakati. Wimbo husubiri kiitikio, na asiyeitikia hudhaniwa kuwa mgeni au mwenye kinyongo. Mfano ulio wazi hadi leo umo kwa Warundi, majirani wa Waha wa nyanda za juu za Kigoma. Katika ngoma ya kifalme ya Burundi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa ubinadamu, wapigaji hujipanga nusu duara kuizunguka ngoma kuu na hupokezana kutoka kwenda kucheza katikati. Anayecheza sasa ndiye aliyekuwa akipiga muda mfupi uliopita, naye atarudi kupiga. Huo ni urithi waliotoka nao nyumbani maelfu ya wakimbizi wa Kirundi waliokaa Mtabila, wilayani Kasulu, hadi kambi hiyo ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Haidaiwi hapa kwamba taarabu ya Ng'ambo ilitokana na ngoma za Buha au za Burundi. Linalodaiwa ni kwamba mtu mwenye malezi ya namna hiyo akiwekwa mbele ya udi na fidla, hatajua kwa nini anyamaze, hasa ikiwa maneno yanayoimbwa ni ya lugha yake.

Na maneno yalikuwa ya lugha yake. Hatua ya Siti ya kuimba taarabu kwa Kiswahili imesifiwa kwa haki kama hatua ya lugha. Ilikuwa pia hatua ya kuigeuza hadhira. Mara wimbo ulipoeleweka, msikilizaji alipata cha kusema. Nyimbo zilitungwa kutokana na mambo ya mtaani yaliyotokea siku zilezile: kesi, wizi, mapenzi yaliyovunjika, karani aliyefuja fedha akafungwa. Watu waliosikiliza waliwajua wahusika, pengine walikaa nao mtaa mmoja. Kicheko kilichozuka, mguno wa huzuni, jina lililonong'onwa, havikuwa vurugu dhidi ya wimbo. Vilikuwa sehemu ya kufasiri wimbo. Fumbo la Kiswahili haliwi fumbo mpaka pawepo wa kulifumbua, na kulifumbua kuna kelele zake.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni ule wa Kijiti. Mwanamke mmoja mgeni aliyetoka Dar es Salaam alikwenda starehe pamoja na wenyeji wake, na Kijiti akambaka na kumuua. Muuaji alikimbilia bara. Katika mahakama walioadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi, kwa kosa la kuhusika na pombe iliyonywewa siku ile. Siti aliutungia tukio hilo wimbo, na wimbo ulienea Afrika Mashariki nzima. Mtu wa Ng'ambo, na zaidi mwanamke wa Ng'ambo, hakuwa na nafasi ya kumwambia hakimu wa kikoloni kwamba hukumu yake imepinda. Mahakamani adabu ilikuwa ni kunyamaza, na atakayepiga kelele hutolewa nje. Nyumbani kwa Siti, kesi ileile ilisikilizwa upya kwa udi na tari, na walionyamazishwa mchana walipata usiku wao wa kusema. Inatosha kukumbuka kwamba mwaka 1928 watu wa Ng'ambo haohao waligoma kulipa kodi ya ardhi za nyumba zao. Si lazima kudai kwamba wimbo ulizaa mgomo. Lakini watu waliozoea kutoa hukumu yao kwa sauti usiku hawakuwa wageni wa kuitoa mchana.

Je, kelele hizo hazikuwa na mpaka? Zilikuwa nao, na hapa ndipo wengi wasioijua taarabu hukosea. Adabu ya Ng'ambo haikuwa ukosefu wa adabu. Taratibu za kutunza, kama zilivyokuja kujulikana katika taarabu ya wanawake wa Unguja, zinaonyesha mpaka huo vizuri. Anayetunza huinuka katika ubeti uliomgusa, huja kwa madaha akifuata mahadhi, hutoa fedha yake ionekane, na hurudi. Hasemi kitu. Kama ana mtu anayemkusudia, atamtazama au atapitia karibu yake, na hadhira itaelewa. Na yule aliyekusudiwa ana haki ya kusubiri ubeti unaomfaa naye akajibu kwa fedha yake. Mwimbaji naye haonyeshi upande. Hupokea kwa wote na huurudia ubeti unaopendwa. Vigelegele hupigwa kwenye kituo. Kutaja jina ni aibu, kumkatiza mwimbaji kwa maneno ya kawaida ni utovu wa adabu, na kugombana kwa mikono ni kushindwa. Ni mfumo unaoruhusu sauti nyingi kwa sharti kwamba kila moja ijue zamu yake. Ukilinganishwa na kanuni za wasikilizaji wa Cairo zilizotajwa hapo juu, unaonekana kuzikaribia zaidi kuliko ukimya wa baraza za waungwana wa Unguja ulivyozikaribia. Ng'ambo, bila ya kukusudia, ilikuwa imeirudisha taarabu kwenye maana ya jina lake.

Siti alizimudu hadhira zote mbili, na wiki moja iliweza kumkuta kwa wakubwa na kwa majirani. Waandishi wengi wameridhika kusema kwamba alipendwa na matajiri na maskini sawasawa. Kauli hiyo inaficha ugumu wa kazi yenyewe. Wimbo unaoimbwa mbele ya watu walionyamaza hauendi kama wimbo unaoimbwa mbele ya watu wanaojibu. Pumzi, urefu, mahali pa kurudia, yote hubadilika. Kikundi kilichozoea kusimamisha ubeti kwa ajili ya kutunza lazima kijifunze kuupitisha pasipo na wa kuinuka, na kinyume chake.

Bombay, 1928

Mwaka 1928 hadhira ya tatu iliingia katika maisha yake, nayo ilikuwa hadhira isiyokuwepo. Kampuni ya gramafoni ya Kiingereza iliyojulikana kwa alama ya mbwa ilimpeleka yeye na wapigaji wake Bombay, India, kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyetangulia kufanya hivyo. Safari ya kwanza ilifanikiwa kibiashara kiasi kwamba mwaka uliofuata ilirudiwa, na katika miaka hiyo michache nyimbo zilizorekodiwa na kikundi hicho zilizidi 100. Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Unguja, mwambao na bara.

Ndani ya chumba cha kurekodi ukimya ulikuwa wa lazima kuliko wa kasri lolote. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua takriban dakika tatu. Wimbo ambao Ng'ambo ungeweza kwenda nusu saa, ukisimama hapa kwa kutunzwa na pale kwa kurudiwa, ulipaswa kukatwa ukakaa katika nafasi hiyo, au kugawanywa pande mbili na kusubiri mtu aigeuze santuri. Hapakuwa na wa kuinuka, hapakuwa na kigelegele, wala hapakuwa na aliyemjua Kijiti. Ni vyema wanafunzi wanaozitumia santuri hizo kama matini ya taarabu ya Siti wakumbuke kwamba walicho nacho ni wimbo uliovuliwa hadhira yake. Hata urefu wa beti na idadi ya marudio haviwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa jinsi zilivyoimbwa nyumbani.

Hadhira haikukubali kuachwa, lakini. Gramafoni zilikuwa ghali. Wengi walizisikia santuri katika mikahawa, ambako mwenye mkahawa aliziweka ili kuvuta wateja. Huko kahawa ilinyweka, karata na bao vilichezwa, na wimbo ulipokwisha ubishi ulianza: nani aliyekusudiwa, kisa kilikuwaje, neno fulani lina maana gani. Santuri ikarudiwa ili upande mmoja uthibitishe hoja yake. Mwimbaji hakuwepo kupokea tunzo, lakini kazi ya kufumbua iliendelea bila yeye, na iliendelea Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine ambayo watu wake hawakumwona kamwe. Kwa mara ya kwanza kelele za wasikilizaji hazikuweza kumfikia mwimbaji wala kumkatiza. Faida na hasara za jambo hilo zimo katika muziki wa Afrika Mashariki hadi sasa.

Miaka ya mwisho na baada yake

Kuhusu miaka ya 1930 na 1940 habari zake hupungua. Biashara ya santuri ilidorora kwa mdororo wa uchumi wa dunia. Siti aliendelea kuimba, umri ukasogea, na vikundi vingine vikajitokeza. Alifariki Unguja mwaka 1950.

Aliacha mlango wazi. Wanawake wa Unguja waliunda vikundi vyao vya taarabu, baadhi vikijiita kwa majina ya majeshi ya Kiingereza, na ushindani baina yao ulikuwa mkali. Katika vikundi hivyo utaratibu wa kutunza ulikua na kuwa lugha kamili. Vipaza sauti na ala za umeme vilipoenea, uzani mwingine ulibadilika: mwimbaji aliweza kuzishinda kelele za ukumbi mzima bila ya kuzisubiri zitulie. Katika miaka ya 1990, wakati vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana Dar es Salaam na mtindo wa kurusha roho ukashika kasi, wazee wengi walilalamika kwamba taarabu imevunjiwa heshima yake, kwamba watu hawakai tena kusikiliza, bali wanainuka, wanacheza na kuwaelekezea wenzao vidole. Katika malalamiko hayo enzi ya Siti ilitajwa mara nyingi kama enzi ya utulivu. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba utulivu huo ulikuwa wa nyumba chache. Kilichopungua katika kumbi za miaka ya 1990, kama kilipungua kitu, ni fumbo na zamu. Kuinuka na kupaza sauti vilikuwepo Ng'ambo tangu mwanzo.

Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Na Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude na aliyefariki Aprili 2013, alizipata nyimbo za Siti kwa kumsikiliza tangu utotoni, bila ya kufundishwa darasani wala kuandikiwa. Alikuwa mmoja wa wale wasioalikwa. Nyimbo hizo alizichukua hadi uzeeni kwenye majukwaa ya Ulaya, mbele ya watu waliolipa tikiti na kuketi kwa safu gizani wakisubiri wimbo umalizike ndipo wapige makofi.